Nguva Baina ya Sheria na Jarife

Mtoto wa pwani akiulizwa leo nguva ni nini, aghalabu hujibu kwamba ni mwanamke mwenye mkia wa samaki, akaaye chini ya bahari, mwenye nywele ndefu na sauti ya kuwapumbaza mabaharia. Babu yake, iwapo alikuwa mvuvi wa Lamu, wa Mafia au wa Kilwa, alikuwa na jibu jingine. Kwake yeye nguva alikuwa mnyama: mzito, mpole, mwenye ngozi ya kijivu, aliyekuja juu kuvuta pumzi kisha akarudi chini malishoni. Neno ni lile lile, lakini limehama. Katika kamusi maana zote mbili zingalimo. Katika bahari, maana ya pili inatoweka.

Ajabu ya historia hii ni kwamba nguva hakufikia hali hiyo kwa kukosa sheria. Jina lake limo katika mikataba ya mataifa tangu mwaka 1900. Amekatazwa kuwindwa, amekatazwa kuuzwa, ametengewa hifadhi, ametiliwa saini na mawaziri. Na katika muda huo huo ambao karatasi zilikuwa zikiongezeka, yeye alikuwa akipungua. Basi swali la kuuliza ni hili: sheria zilikuwa zikimtazama nani, na nguva alikuwa akifa kwa mkono wa nani?

Kabla ya kuzifikia sheria, ni lazima kumjua mwenyewe. Nguva si samaki, wala si jamaa wa nyangumi au pomboo. Jamaa zake wa karibu wako nchi kavu, nao ni tembo na pimbi. Dume lake huota meno mawili mfano wa pembe ndogo za ndovu. Huishi katika maji ya kina kifupi yenye vuguvugu, kuanzia mwambao wa Afrika Mashariki, Bahari ya Shamu na Ghuba, hadi Australia na visiwa vya Pasifiki. Chakula chake ni nyasi za bahari, zile zinazoota juu ya mchanga baina ya mwamba na ufuko, nazo huzing'oa pamoja na mizizi, akaacha njia iliyokwanguka mfano wa njia ya jembe. Mkubwa wao hufika urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 400 na zaidi.

Nguva akisalimika huweza kuishi hadi miaka 70. Lakini jike huanza kuzaa akiwa na umri wa baina ya miaka 6 na 17. Hubeba mimba miezi 13 au 14, huzaa mtoto mmoja tu, humnyonyesha mwaka na nusu au zaidi, kisha hukaa miaka 3 hadi 7 kabla ya kuzaa mwingine. Wataalamu waliopiga hesabu ya uzazi huo walikuta kwamba hata katika bahari yenye neema, bila ya mauaji yoyote, nguva hawawezi kuongezeka zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Mikono ya wanadamu ikiondoa zaidi ya asilimia 1 au 2 ya majike kila mwaka, kundi huanza kushuka. Wahenga walinena kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali, na kwa nguva methali hiyo ni hesabu kamili.

Ukoo wake umekwisha kulipa gharama ya hesabu hiyo mara moja. Nguva alikuwa na ndugu mmoja wa karibu, mkubwa kuliko yeye mara nyingi, aliyeishi katika maji ya baridi ya Visiwa vya Komandorski, kaskazini ya Bahari ya Pasifiki. Tabibu na mtaalamu wa viumbe Georg Wilhelm Steller alimkuta huko mwaka 1741, baada ya jahazi la Vitus Bering kuvunjika. Wawindaji wa ngozi waliofuata njia ile walimfanya chakula chao cha safari. Kufikia mwaka 1768 hakubaki hata mmoja. Miaka 27 ilitosha kutoka kujulikana hadi kutoweka. Wakati ule hapakuwa na sheria ya kumlinda, na kwa hivyo hapakuwa na sheria ya kulaumiwa.

Habari ya nguva ni tofauti. Tarehe 19 Mei 1900, madola ya Ulaya yaliyokuwa yamegawana Afrika yalitia saini mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa bara hili. Mkataba huo ulikuwa na majedwali. Wapo wanyama waliokatazwa kabisa kuuawa, wapo waliokatazwa majike na watoto wao, na wapo walioruhusiwa kuuawa kwa idadi ndogo tu. Nguva aliwekwa katika kundi hili la mwisho, pamoja na tembo, kiboko na wengineo. Jina alilopewa humo lilikuwa la kitaalamu, Halicore, ambalo asili yake ni maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya binti wa bahari. Hivyo hata waandishi wa sheria, kwa kutumia jina la wataalamu wa zama zao, walimwingiza nguva katika mkataba akiwa amevishwa nguo za hadithi.

Mkataba ule haukupata kufanya kazi, kwani madola mengi yaliyousaini hayakuuridhia. Lakini umeacha alama katika namna ya kufikiri. Waliouandika walikuwa na picha moja vichwani mwao: picha ya mwindaji mwenye bunduki anayemwona mnyama, anamlenga na kumuua kwa kukusudia. Mnyama wa bahari waliyemwingiza katika jedwali walimwekea sheria ya porini. Picha hiyo haikufutika hata walipoondoka wakoloni.

Mwaka 1968 mataifa huru ya Afrika yalikutana Algiers na kutia saini mkataba wao wenyewe wa kuhifadhi maumbile na mali ya asili. Safari hii nguva alipandishwa daraja. Aliwekwa katika Daraja A, la wanyama wanaolindwa kikamilifu, ambao haijuzu kuwaua wala kuwakamata ila kwa idhini ya mamlaka ya juu kabisa ya nchi na kwa maslahi ya taifa. Ukafuata mkataba wa Washington wa mwaka 1973 juu ya biashara ya viumbe walio hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975. Huo ulimtia nguva katika orodha yake ya kwanza, ile inayozuia biashara ya kimataifa, isipokuwa nguva wa Australia, ambao nao waliingizwa mwaka 2000. Mkataba wa Bonn wa mwaka 1979, unaohusu wanyama wahamao, ulimtaja pia. Na tangu mwaka 1982, Orodha Nyekundu ya Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi, ujulikanao kwa herufi zake IUCN, imemweka katika daraja la kwanza kati ya madaraja matatu ya hatari.

Nchi za mwambao nazo hazikukaa kimya. Sheria za uvuvi za Tanzania zinakataza kumvua nguva, kumuua na kumuuza. Kenya imemtaja katika Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Palitengwa pia maji ya hifadhi. Kiunga, kaskazini ya Lamu, ilitangazwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, chini ya sheria ya hifadhi za bahari iliyopitishwa mwaka uliotangulia. Mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa, lenye mikoko, miamba na malisho ya nyasi, liliandikwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Na tarehe 31 Oktoba 2007, mjini Abu Dhabi, yalifunguliwa kwa kutiwa saini makubaliano yanayomhusu nguva peke yake na malisho yake. Tanzania, Kenya, Komoro, Madagaska na Msumbiji ni miongoni mwa nchi zilizoyakubali.

Anayezisoma karatasi hizi kwa mfululizo atadhani kwamba anasoma habari za ushindi. Lakini kando yake iko hesabu nyingine. Mwaka 1967 ilipokewa habari ya kundi la nguva wapatao 500 katika maji ya kusini ya Somalia, si mbali na mpaka wa Kenya. Ndege za uchunguzi ziliporuka juu ya mwambao wa Kenya mwaka 1994, nguva waliohesabiwa walikuwa 10. Mwaka 1996 walikuwa 6. Ni kweli kwamba hesabu ya angani humpita nguva aliyezama au aliyefichwa na maji machafu, na nguva hana mpaka, huweza kuhama. Lakini hata ukizipunguzia nguvu hesabu hizo, hakuna namna ya kuufanya mteremko huo uwe uwanda.

Kilichotokea katikati hakikuwa bunduki. Ni kweli kwamba nguva aliwindwa mwambaoni tangu zamani. Nyama yake ilisifiwa kufanana na ya ng'ombe, na mafuta yake yalitumiwa kwa dawa. Lakini uwindaji wa chusa na kamba ulihitaji ujuzi, subira na bahati, na haukuwa kazi ya kila siku. Kilichobadilisha mambo ni nyuzi za nailoni, zilizoenea katika nusu ya pili ya karne ya 20. Nyavu za pamba zilikuwa nzito, zikioza, zikihitaji kuanikwa na kutiwa rangi za magome. Nailoni haiozi, ni nyepesi, na mtu mmoja mwenye ngalawa huweza kumiliki wavu mrefu ambao zamani ungehitaji kikosi.

Jarife ni wavu wa matundu makubwa, unaotegwa kwa ajili ya papa, taa na samaki wengine wakubwa. Hutegwa jioni, huachwa usiku kucha, hutazamwa alfajiri. Papa wa chumvi ni kitoweo cha asili cha mwambao mzima, na mapezi yake yalipata bei kubwa katika masoko ya Mashariki ya Mbali. Mvuvi anayetega jarife hamtafuti nguva, na pengine hajapata kumwona nguva hai maishani mwake. Lakini nguva huja malishoni maji yanapojaa, mara nyingi usiku, na hawezi kukaa chini ila dakika chache kabla ya kupanda juu kuvuta pumzi. Akinaswa, hazuiliwi chakula wala uhuru tu, huzuiliwa hewa. Alfajiri mvuvi hukuta mzigo asioutega, tayari umekwisha kufa.

Hapo ndipo sheria na mauti ya nguva zinapopishana. Sheria inasema: usimuue nguva. Mvuvi hakukusudia kumuua. Sheria inasema: usimuuze. Mvuvi hakutoka nyumbani kumtafutia soko. Kazi aliyokuwa akiifanya, ya kutega wavu, ni kazi halali yenye leseni. Kosa linaanza pale anapomvuta mnyama aliyekwisha kufa kumtia chomboni. Mbele yake ana njia tatu: kupeleka habari kwa wakubwa na kuhatarisha jarife lake, leseni yake na pengine uhuru wake, au kuigawa nyama kimya kimya, au kuuzamisha mzoga na kurudi nyumbani. Sheria ya namna hiyo haimwokoi nguva aliyekwisha kufa, na inaifuta habari yake. Nguva hufa mara mbili: baharini, na katika daftari la wahifadhi.

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni la mwambao huu tu, au kwamba nchi tajiri zaidi au kali zaidi ingeliweza kuokoka kwa karatasi. Uchina ilimweka nguva katika daraja la juu kabisa la wanyama wanaolindwa na taifa mwaka 1988. Mwaka 1992 ikatenga hifadhi ya taifa huko Hepu, katika jimbo la Guangxi, kwa ajili yake yeye hasa. Mwezi wa Agosti 2022 wataalamu walichapisha matokeo ya kuwahoji wavuvi 788 katika jamii 66 za kusini mwa nchi hiyo. Wachache mno waliwahi kumwona nguva maishani mwao, na tangu mwaka 2000 hakuna mtaalamu aliyethibitisha kumwona. Hukumu yao ilikuwa kwamba nguva wa Uchina amekwisha, kiasi cha kutokuwapo tena idadi inayoweza kujiendeleza. Katika sababu walizozitaja zimo nyavu na kuharibika kwa malisho. Kwa muda mrefu, basi, nguva wa Uchina alikuwa na hifadhi yenye jina lake, na maji ya hifadhi hiyo hayakuwa na nguva.

Uko pia mfano wa upande wa pili. Katika jimbo la Queensland, Australia, nyavu za kuwakinga waogaji dhidi ya papa zilianza kutegwa mwaka 1962, na pamoja na papa zikawanasa nguva wengi. Nyavu za wavuvi wa biashara nazo zilifanya hivyo hivyo. Nguva wa pwani ya kusini ya jimbo hilo walipopungua kwa kiasi cha kutisha, serikali haikutosheka na kurudia kwamba nguva hauawi. Katika miaka ya 1997 na 1998 ilitenga maeneo 16 ya malisho yake, ikapiga marufuku au kubana aina za nyavu zinazoweza kutegwa humo, na wavuvi waliopoteza riziki kwa hatua hiyo wakalipwa fidia. Wapo waliosema kuwa hatua hiyo ilikuwa ndogo, na wapo waliosema ilikuwa kali. Lakini kwa mara moja sheria ilikuwa imetoka kwenye jina la mnyama ikaufikia wavu wenyewe, mahali unapotegwa na wakati unapotegwa.

Mwambao wa Afrika Mashariki haujafika mahali pa Uchina, lakini njia ni ile ile. Mwezi wa Desemba 2022, wakati mataifa yakikutana Montreal kujadili uhai wa viumbe, IUCN ilitangaza kwamba nguva wa Afrika Mashariki sasa watahesabiwa peke yao, na kwamba wamo katika daraja la mwisho la hatari, lile ambalo baada yake hakuna ila kutoweka baharini. Wakubwa waliofikia umri wa kuzaa walikadiriwa kuwa chini ya 250. Sababu iliyotangulizwa haikuwa uwindaji bali kunaswa katika nyavu zisizowalenga. Wengi wa hao waliobaki wako katika maji ya visiwa vya Bazaruto, Msumbiji, kwenye hifadhi iliyotangazwa mwaka 1971 na kupanuliwa mwaka 2001. Kwingineko, tokea Lamu hadi Rufiji, Komoro na Madagaska, nguva huonekana mmoja mmoja, na kuonekana kwake huwa habari.

Ikichukuliwa kwamba nusu ya wakubwa hao ni majike, basi hawazidi 125. Asilimia 2 ya idadi hiyo ni majike wawili au watatu. Hao ndio wote ambao mwambao mzima, wenye maelfu ya nyavu, unaweza kuwapoteza kwa mwaka mmoja bila ya kundi kushuka. Alfajiri moja mbaya mahali pamoja, na nyingine mahali pengine, na hesabu ya mwaka imekwisha kujaa.

Haifai kumtwika mvuvi lawama ya hayo yote. Malisho ya nguva huharibiwa pia na matope yashukayo mitoni, na meli zinazokokota nyavu za kamba juu ya nyasi, na bandari zinazochimbwa. Na mvuvi wa jarife si tajiri wa mapezi. Ni mtu mwenye watoto, anayeona kwamba samaki wanapungua na kwamba wavu mrefu zaidi ndio jibu pekee lililobaki mkononi mwake. Sheria itakayomnyang'anya wavu bila ya kumpa badala yake, atapita pembeni yake usiku, kama alivyopita nyingine.

Lakini yapo mambo ambayo mvuvi anayajua na sheria haijapata kuyauliza. Anajua ni malisho gani yaliyo na alama za kukwanguliwa, ni mkondo upi nguva alionekana, na katika bamvua ya mwezi gani. Katika baadhi ya vijiji vya visiwani na vya bara, wavuvi wa pweza wamekwisha kukubaliana kuufunga mwamba kwa miezi kadhaa na kuufungua kwa siku moja, na wamevuna zaidi kwa kungoja. Kufunga malisho machache ya nguva dhidi ya jarife, kwa majira yanayojulikana, kwa fidia inayolipwa kweli, na kumwondolea adhabu yule anayeleta habari ya nguva aliyenaswa bila ya kukusudia, si jambo geni kwa watu waliokwisha kuuzoea utaratibu huo. Ni kuipeleka sheria mahali ambapo mauti yanatokea.

Jedwali la mwaka 1900 lilimjua nguva kwa jina la binti wa bahari, na halikumsaidia. Karatasi zilizofuata zilimpandisha kutoka daraja hadi daraja, na kila daraja lilikuwa la heshima zaidi. Iwapo nyavu zitabaki pale zilipo, lile jibu la mtoto wa pwani litakuwa ndilo sahihi peke yake. Nguva atakuwa yule mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki, na hakuna mzee atakayebaki wa kumsahihisha.